Namba ya Bure

Mwalimu wa yoga aliwaambia walale chali, viganja viangalie juu, wawe kama maiti. Huo ndio mkao wa mwisho, alisema, na ndio mgumu kuliko yote. Wapokea simu wakacheka chini chini. Mmoja akanong'ona kwamba kama ni umaiti wao hawahitaji mwalimu, waletewe sanda tu.

Pole hakucheka. Alikuwa amelala kwenye mkeka wa mpira unaonuka kama ndala mpya, kichwa kikigusa miguu ya viti vilivyorundikwa ukutani ili chumba cha mikutano kipate nafasi. Nyuma ya ukuta wa mbao nyembamba, nusu nyingine ya wenzake walikuwa wakiendelea kupokea simu, na neno walilokuwa wakilirudia lilimfikia pale chini. Pole sana. Pole sana, mpendwa mteja. Huo ulikuwa muda wa chakula cha mchana. Aliyekuja kupumua hakula, na aliyekwenda kula alihesabiwa kuwa hataki kupona.

Yeye ilimlazimu apone.

Jina la Pole alipewa kazini. Kampuni ilipokea simu za watu waliokatikiwa umeme, na umeme ulikatika kama ada. Wapokeaji hawakuweza kuurudisha, hawakujua utarudi saa ngapi, na hawakuwa na wa kumwuliza. Walichokuwa nacho ni karatasi ya maneno iliyobandikwa mbele ya kila kiti, na neno la kwanza kwenye karatasi hiyo lilikuwa pole. Wengine walilitamka kama mtu anayetema mbegu. Yeye alilisema kana kwamba giza limeingia nyumbani kwake. Watu waliopiga wakitukana waliishia kumwuliza habari za watoto.

Mtoto alikuwa mmoja tu, wa kike, na hakuishi naye. Alikuwa kwa bibi yake, safari ya siku nzima kwa basi. Pole alipanga chumba kimoja chenye kitanda, jiko na ndoo, na zamu zake zilibadilika kila wiki. Mtoto angemwachia nani? Mpango ulikuwa kwamba mkataba wa kudumu ukitoka, atapanga nyumba ya kueleweka na atamleta mwanawe. Mkataba huo ulikuwa ukiahidiwa tangu mtoto hajaota meno. Sasa yameshaanza kung'oka.

Simu ya bibi ilikuwa haina salio siku zote. Ila namba ya kampuni ilikuwa ya bure, tena imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye nguzo ya umeme mbele ya nyumba ya bibi. Mtoto alijifunza tarakimu kwa kuisoma hiyo. Siku moja akaipiga. Simu za kampuni humwendea yeyote aliye wazi, na siku hiyo bahati, au niseme balaa, ikampeleka mtoto moja kwa moja masikioni mwa mama yake.

"Mama," sauti ilisema. "Unakuja lini?"

Kwenye meza ya kila mpokeaji kulikuwa na kitaa chekundu. Kikiwaka, ujue msimamizi anasikiliza. Msimamizi huyo walimwita Sikio, na kazi yake ilikuwa ni hiyo hiyo, kuingia katika simu za wenzake bila hodi. Kitaa kilikuwa kinawaka. Simu ya binafsi lilikuwa kosa la kufukuzwa, na mtu alikuwa ameshafukuzwa kwa kumjibu mkewe. Pole akaitazama karatasi.

"Pole sana, mpendwa mteja," alisema. "Ombi lako limepokelewa. Litashughulikiwa."

Mtoto akacheka, akidhani ni mchezo. Akauliza tena. Akajibiwa vile vile. Alipouliza mara ya tatu na kujibiwa vile vile hakucheka, akakata.

Simu iliyofuata ilikuwa ya mzee aliyeharibikiwa samaki kwenye friji. Pole akafungua mdomo ampe pole, neno likagoma. Alilia masikioni mwa mzee wa watu mpaka mzee akasahau samaki wake akaanza kumbembeleza. Jioni alimpigia mtoto akamweleza kwamba kazini kuna mtu anasikiliza, ndiyo maana. Mtoto akasema ameelewa, kwa ile sauti ya watoto ambao hawajaelewa. Tangu hapo Pole hakulala tena sawasawa. Sauti ikakwaruza, mikono ikatetemeka akivaa visikizio, na daktari alipompima akasema mwili hauna ugonjwa ila umechoka kupita kiasi. Apumzike mwezi mmoja, tena akapumzike kwa watu wake.

Meneja wa wafanyakazi, waliyemwita Madam, aliisoma karatasi ya daktari akitabasamu.

"Daktari anasema upumzike," alisema. "Na sisi tunasema upumzike. Tunatofautiana mahali tu."

"Nilitaka niende nyumbani, Madam. Mwanangu..."

"Uchovu uko kichwani, dada yangu. Ukipanda basi, unapanda nao. Kampuni imewaletea mwalimu mzima. Nani mwingine amewahi kukufanyia hivyo?"

Pole alisema ahsante. Mnyonge hana haki, na mara nyingi hudaiwa shukrani juu yake.

Basi akaingia kwenye yoga kwa moyo wote, maana aliambiwa wazi kwamba mwalimu akithibitisha amepona ndipo suala lake la mkataba litazungumzwa. Mwalimu alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye goti bovu alilolificha vizuri. Aliwafundisha kuvuta pumzi mpaka tumboni na kuitoa taratibu kuliko ilivyoingia. Aliwaambia wazo likija wasipigane nalo, waliangalie tu likipita kama gari barabarani, wasilipande.

Wazo la Pole lilikuwa ni lile lile kila siku, limevaa gauni la shule.

Siku moja, mwalimu akikunja mikeka, alimfuata. "Mwalimu, wazo likiwa ni mtu, nalo unaliacha lipite?"

Mwalimu akatazama mlangoni, Sikio alikuwa amesimama pale. "Kwa siku za mwanzo, ndiyo," alisema, akaendelea kukunja.

Na tusiseme uongo, ilisaidia. Pole alitandika shuka kati ya kitanda na jiko, akafanya mazoezi asubuhi na jioni. Mabega yakashuka. Usingizi ukaanza kurudi kwa kunyata, kama mgeni asiyejua kama bado anakaribishwa. Ile sauti ya kukwaruza ikaondoka, na iliyorudi ilikuwa tamu kuliko ya zamani. Alifurahi, na hakuwa na wa kumwambia. Jirani wa kulia alifanya kazi usiku, wa kushoto alihama bila kuaga. Akaishia kumwambia mwalimu, mwalimu akamwandikia Madam kwamba huyu amepona.

Madam alikuja mwenyewe, akakanyaga mikeka kwa viatu vyake, akamwinua Pole kutoka kwenye umaiti. Akamwambia asiseme na mtu njiani, sauti isije ikaharibika. Wakaingia kwenye kijumba kidogo kilichofunikwa sponji ukutani, ambamo fundi mitambo alimsogezea maikrofoni na karatasi. Pole akasoma, na pumzi bado ilikuwa imetulia tumboni.

"Pole sana. Ninaelewa unavyojisikia. Vuta pumzi taratibu. Toa. Niko hapa pamoja nawe."

Fundi alisema hata yeye amepoa. Madam akamshika Pole bega, kitu ambacho hakuwahi kufanya. "Sauti hii hatuwezi kuiachia ipotee," alisema.

Nani asingeelewa alivyoelewa yeye? Jioni ile aliweka salio akapiga nyumbani. Akamwambia mama yake amfulie mtoto nguo zote, shule ikifungwa tu anakuja kumchukua. Kisha akapewa mtoto.

"Ni kweli," mtoto aliuliza, "au ni ile ya mteja?"

"Ni kweli, mwanangu."

Sauti ikaunganishwa kwenye namba ya bure. Sasa kila aliyepiga alikutana nayo kwanza, na ikamhudumia muda wote wa kusubiri. Wengi walivuta pumzi, wakatoa, wakakata wenyewe. Ofisi ikawa kimya. Visikizio vikaanza kuning'inia kwenye viti visivyo na watu, na Pole aliyaona yote hayo bila kujihesabu, mpaka alipoitwa.

"Tumeangalia afya yako kwanza kabla ya yote," Madam alisema. "Mkataba wako wa muda ukiisha mwisho wa mwezi, hatutauendeleza."

"Lakini nimepona, Madam. Mwalimu ameandika."

"Ndiyo maana. Mgonjwa tusingeweza kumwachisha kazi, tungeonekana watu wa namna gani?"

Pole akatazama mikono yake. Ilikuwa imetulia kabisa. "Na sauti yangu?"

"Sauti ni ya kampuni, dada. Ilirekodiwa saa za kazi."

"Ilikuwa saa ya chakula."

Madam hakukasirika. Alimtazama kwa huruma, na huruma yenyewe ilikuwa ya kweli, jambo ambalo Pole hakulisahau. "Vuta pumzi," alimwambia.

Aibu ya masikini hujifungia ndani pamoja naye. Pole hakupiga nyumbani. Alizunguka na vyeti vyake kwenye kampuni nyingine za simu, akaambiwa nao wanapunguza watu. Aliporudi hakuwa na wa kumsalimu, na siku zilipita kinywa chake hakijafunguka ila kwa maji. Yule aliyekuwa akisema na mji mzima! Alilala chali kwenye shuka lake kati ya kitanda na jiko, viganja juu, na wazo likaja, na halikupita. Alikuwa mpweke mpaka akatamani Sikio awe anamsikiliza. Shule ilikuwa imeshafungwa.

Jioni moja simu ya bibi ikambipu. Pole akasafisha koo, akapiga kwa kisalio kilichobaki. Alikuwa ameandaa uongo kwa ajili ya mama yake, lakini aliyepokea ni mtoto.

"Nguo zangu zote ni safi," mtoto alisema. "Bibi amezikunja."

"Nitakuja, mwanangu. Kazi tu imenibana."

"Najua. Leo nimekupigia huko huko kazini."

Pole akakaa kitandani. "Umepiga?"

"Kila siku napiga. Bibi amesema ni bure, nipige tu. Zamani walikuwa wanapokea watu wengine, siku hizi unapokea wewe tu."

"Nakwambiaje?"

"Unanipa pole. Unasema unaelewa ninavyojisikia. Unaniambia nivute pumzi, navuta." Mtoto alivuta pumzi ndefu kumwonyesha, akaitoa taratibu, vizuri kabisa, kama alivyofundisha mwalimu. "Halafu unasema uko hapa pamoja nami. Nikikuuliza unakuja lini, hunijibu. Lakini mimi sikasiriki, mama. Najua yule mtu anasikiliza."

Pole alifungua mdomo. Ukweli ulikuwa mwepesi, maneno machache tu, na yangemwondolea mtoto mama pekee aliyekuwa akipokea simu zake. Akaufunga.

"Mbona sauti yako mbaya?" mtoto aliuliza.

"Nimechoka kidogo."

"Kazini huwa huchoki."

Kwenye simu Pole alisikia kuku wa mama yake wakiingia bandani, na mama yake akiita kwamba chakula kiko tayari.

"Basi lala," mtoto alisema. "Usije ukamaliza salio lako. Nitakupigia kesho kule kazini."