Chupa Iliyokauka

Zipora alipoingia stoo ya kemikali kuchukua spiriti ya kipindi cha saa nne, alimkuta Baba Noela amesimama juu ya stuli, plaizi mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa umeishikilia chupa ndogo ya kahawia isiteleze rafuni. Ilikuwa rafu ya juu kabisa, ile ambayo kwa miaka mingi hakuna aliyejisumbua kuifuta vumbi. Lebo ilikuwa imefifia, lakini jina lilisomeka: asidi ya pikriki. Na pale kifuniko cha chuma kinapokutana na shingo ya chupa, ulikuwa umegandamana unga mkavu wa njano, kama bizari kwenye mdomo wa kopo.

Zipora aliujua unga ule. Kupiga kelele asingeweza. Mzee akishtuka, mkono utaruka, na chupa itaruka nao. Kumshika mguu, ndiyo kabisa. Akatafuta kitu ambacho mtu mzima wa huku hawezi kukiacha kikining'inia hewani bila kukijibu.

"Shikamoo, Baba Noela," alisema taratibu, akikunja goti.

"Marahaba." Plaizi ilishuka kidogo. Mzee akageuza shingo. "Si umeshaniamkia getini?"

"Nimekuamkia. Hii ni ya pili."

"Shikamoo ya pili huwa ina ombi ndani yake. Sema."

"Naomba uiachie hiyo chupa. Usiinyanyue, usiisogeze. Iache ilivyo, kisha ushuke bila kuitikisa rafu."

Baba Noela alishuka, lakini kwa udadisi tu, wala si kwa woga. Jina lake hasa ni Bujiku. Alichimba dhahabu Rwamgasa kwa miaka kumi na miwili kabla mgongo haujamkataza, ndipo akaja kutunza stoo ya chuo hiki cha famasia hapa Shinyanga mjini. Zipora, binti wa wafugaji wa Samuye, alikuwa na stashahada ya maabara na miezi saba ya kazi. Kesho yake wakaguzi walikuwa wanakuja, na Madam Ghati, mkuu wa chuo, alikuwa ametoa amri: chupa zote kuukuu zimwagwe shimoni, zioshwe, stoo ing'ae. Wakaguzi wasiporidhika, mwaka ujao chuo hakipokei wanafunzi.

"Imegoma kwa mkono," alisema mzee, "nikaona niilainishe na chuma."

"Ungekufa, Baba Noela."

"Kwa chupa ya dawa?"

"Zamani walikuwa wanaitumia kupimia mkojo na kutambulia dawa. Inatakiwa ikae imelowa maji siku zote. Ikiwa imelowa, imelala. Ikikauka, ni mlipuko. Na ule unga wa njano umeingia katikati ya kifuniko na kioo. Ukizungusha, unausaga. Ukiusaga, basi."

Mzee alicheka mpaka akashika kiuno. "Mwanangu, mimi ndiye wa kuambiwa habari za baruti? Miaka sita nimelala nayo uvunguni. Mama Noela alikuwa anaisukuma kwa ufagio kama ndala. Nimeibeba kwenye mfuko wa rambo, juu ya bodaboda, barabara ile ya Rwamgasa yenye mashimo kama chekeche. Baruti bila fataki ya kuilipua ni unga wa ugali tu. Haya, nionyeshe fataki iko wapi humo ndani."

Hapo Zipora akaona tatizo lilipo. Mzee hakuwa mjinga. Alikuwa anajua, tena anajua kwa mikono yake mwenyewe. Ila alichokijua kilikuwa cha kitu kingine, na kumwambia "hujui" kungekuwa ni kumrudisha juu ya stuli.

"Na fataki nazo ulilala nazo uvunguni?"

Kicheko kilikatika. "Yaya," alisema kwa Kisukuma, akitikisa kichwa. "Fataki zilikaa kwenye kopo lenye pamba, tena chumba kingine. Watoto hawakujua hata lilipo."

"Kwa nini?"

"Fataki haitaki mchezo. Haingoji kuwashwa. Ukiiangusha, ukiigonga, inakuitikia. Tulikuwa na Enock duara moja, shimo moja la dhahabu. Alikuwa na haraka, akaibana kwenye utambi kwa meno." Mzee alijishika taya. "Hili hakubaki nalo."

"Na kuiponda kwa plaizi?"

"Nani? Mimi? Nimerogwa?"

"Baba Noela," Zipora alisema, akiinyooshea kidole rafu ya juu, "ile siyo baruti ya kungoja fataki. Ikikauka namna ile, chupa nzima ni fataki. Gramu mia."

Mzee aliitazama chupa. Kisha akaitazama plaizi, akaiweka mezani taratibu kama anayelaza kichanga, akatangulia mlangoni kwa ncha za vidole.

Zipora alifunga mlango. Akaenda chumba cha pili, kwa wanafunzi thelathini waliokuwa wakimngoja na makoti yao meupe, akawaambia waache kila kitu mezani na waende uwanja wa mpira. Watu wa ofisi za upande ule akawatoa pia. Kisha akapiga simu polisi, akasema jina la kemikali mara tatu, herufi kwa herufi, mpaka aliyepokea akaliandika sawasawa.

Madam Ghati alifika akihema, viatu vya visigino vikigonga sakafu ya korido. Zipora alimsimamisha mbali na stoo.

"Nani amekupa mamlaka ya kuwatoa wanafunzi wangu darasani?"

"Ndani kuna kilipuzi, madam. Nimeita polisi."

"Polisi! Leo! Unajua kesho ni siku gani?"

"Najua."

"Hiyo chupa imekaa pale miaka na miaka, na haijamuua mtu."

"Kwa sababu hakuna aliyeifungua. Leo ilikuwa inafunguliwa."

"Mji mzima utasema chuo changu kina bomu!"

"Watasema, madam. Na watakuwa wamesema kweli."

Madam Ghati alimgeukia mzee. "Baba Noela, wewe ni mtu mzima. Ufunguo wa pili si unao? Fungua, itoe, kaizike huko nyuma tumalize."

Zipora hakusogea. Alichomoa daftari mfukoni, akafungua ukurasa mweupe, akamnyooshea pamoja na kalamu.

"Niandikie, madam. Andika kwamba chupa itolewe, na jina la atakayeitoa. Weka sahihi yako. Nitampisha."

Madam aliutazama ukurasa. Kalamu aliipokea, akaizungusha vidoleni, lakini kuandika hakuandika.

"Ufunguo ninao," Baba Noela alisema kwa upole, akiutoa mfukoni na kuuweka kiganjani mwa Zipora. "Ila madam, na mikono nayo naipenda. Nina mjukuu wa kubeba."

"Nyote wawili mtanijibu kwa maandishi," alisema Madam Ghati, akaondoka. Kalamu aliondoka nayo.

Zipora alivuta kiti hadi mwisho wa korido, akakaa. Saa tano, saa sita, saa saba. Hakuna aliyepita. Aliyejaribu alirudishwa.

Saa tisa wakafika wataalamu wa mabomu wa polisi kutoka Mwanza. Kiongozi wao, Afande Akida, alimulika tochi ndani akiwa amesimama kizingitini, wala hakuingia. Akarudi.

"Nani ameigusa?"

Baba Noela alinyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Kifuniko ulikizungusha?"

"Nilijaribu kwa mkono, afande. Kiligoma."

"Shukuru kiligoma," alisema Afande Akida, akawasogeza watu wote hadi nyuma ya goli la mbali.

Kazi yao ilichukua saa mbili. Mwishowe gari liliondoka polepole na sanduku lililojazwa mchanga, na hakuna aliyesikia hata mlio wa kibiriti.

"Ndiyo hiyo tu?" mwanafunzi mmoja alinung'unika. "Tumechomwa na jua bure."

Tangu asubuhi Zipora alikuwa anataka kisisikike kitu, na hakikusikika.

Wakaguzi walikuja kesho yake. Waliandika kurasa mbili za makosa, wakakipa chuo miezi mitatu kuiweka stoo sawa, ndipo waamue habari za wanafunzi wapya. Barua ya Zipora ya kujieleza ilikuwa ukurasa mmoja. Alichoambatisha kilikuwa kurasa nne: orodha ya kila chupa isiyo na tarehe ya kufunguliwa, na ombi la kuzipanga upya, moja baada ya nyingine. Aliisaini kwa majina yake matatu.

Jumatatu barua ilirudi, pembeni imeandikwa neno moja kwa mwandiko wa Madam Ghati: Anza.

Baba Noela alikuwa ameshafika. Alikuwa amevaa glavu na miwani ya maabara iliyomkaa upande, na hakuvuka kizingiti mpaka alipoitwa.

"Hii ya kwanza kushoto," aliuliza, "naigusa?"

Zipora alisoma lebo, akachungulia shingo ya chupa, akaangalia kitako chake. "Hiyo ni chumvi tu. Gusa."

"Na hii?"

"Hiyo subiri."

Mkono wa mzee ulirudi nyuma, ukasubiri.