Diski ya Matanga ya Sylvain

Mume wangu Sylvain alikufa mara moja tu, Mungu amlaze pema, lakini kumaliza matanga yake kulitaka kunimaliza na mimi.

Kwetu mjane havui nguo nyeusi mwenyewe. Anayemvua ni dada mkubwa wa marehemu, kwa mikono yake, akishaona kwamba mjane amemlilia mumewe inavyotakiwa. Dada huyo ni wifi yangu Chishimba, anayekaa Kilwa, kule kando ya ziwa Mweru. Siku ya sherehe lori lake lilizama kwenye matope njiani. Sisi huku Lubumbashi, katika mtaa wetu uitwao Kenya, bia ilishapoa, nyama imeiva, kwaya imevaa sare. Nani angeirudisha ile nyama iwe ng'ombe tena? Tukafanya sherehe bila yeye. Watu wakala, wakacheza, wakaenda zao, nami nikabaki na nguo zangu nyeusi kama nilivyoanza.

Wifi alifika wageni wameshasahau hata ladha ya nyama. Matope yalikuwa yamemfika magotini. Hakuuliza watoto hawajambo.

"Germaine," alisema, "miye sikuona. Kitu sikuona, haikufanyika."

Nikamjibu kwa heshima ya dada mkubwa: "Yaya, bantu bote balikuwa hapa. Uliza ule unataka."

"Bantu banakula nyama yako, kiisha nibaulize? Nionyeshe."

Cha kumwonyesha kilikuwepo. Shemeji yangu Liévin, mdogo wa marehemu, alikuwa amepiga video sherehe nzima. Liévin tunamwita Ingénieur, yaani injinia. Jina hilo alijipa mwenyewe siku alipotengeneza pasi ya mama yake, na ile pasi ikaunguza mashati mawili.

"Yaya, hii mambo iko simple," alisema. "Nitaigraver ku Blu-ray. Kidogo tu, kwisha."

Kusikia kwamba filamu itaandikwa kwenye diski ya Blu-ray, wifi akafungua mfuko wake. Ndani, ndani kabisa, imezungushiwa kitenge kama mtoto mchanga, mlikuwa na mashine ya kuchezea diski, zawadi ya mwanawe aliyeko Ubelgiji. Alikuwa ameipakata njia nzima kutoka Kilwa. Wazee wa ukoo kule wataitazama sherehe kwenye mashine hiyo, kwa hiyo naye ataitazama kwenye hiyohiyo. Kwenye kompyuta ya Liévin hataki.

"Mu ordinateur bantu banapangaka mambo," alisema. "Hii yangu haina bongo."

Na clé USB, ile flashi ya kuchomeka? Tundu lake kwenye mashine lilikuwa limezibwa na kipande cha clé nyingine, alichokivunjia humo mjukuu wake. Ikabaki diski tu. Lori la Kilwa lilikuwa linarudi Jumamosi, na mvua ikiifunga ile barabara, wifi hanirudii tena mpaka kiangazi. Mjane mwenye nyeusi haketi sokoni, haendi harusini, hacheki mbele ya watu. Meza yangu ya vitenge ilikuwa imefungwa mwaka mzima, na mimi ni mtu wa kucheka. Nilikuwa karibu kupasuka.

Tena kulikuwa na jambo jingine, ambalo sikumwambia mtu. Siku ya sherehe sikulia. Ningelia saa ngapi? Mwenye viti alileta pungufu, jenereta ilikataa kuwaka, na mpishi aliiba paja la mbuzi. Nililia mwaka mzima jikoni peke yangu, lakini siku ya kamera macho yalikuwa makavu kama samaki wa chumvi. Nikamwomba Mungu wifi asinzie filamu ikifika hapo.

Diski ya kwanza haikuanza hata kuandikwa. Kompyuta ilisema filamu ni kubwa kuliko diski.

"Nikate bamoja," alisema Liévin.

Akakata. Alikata ngoma ya majirani, akakata hotuba ya mwenye kwaya, na kufikia mchana filamu ilikuwa inaingia. Nikaenda kupika nikiwa na roho nyeupe. Niliporudi, ilikuwa imevimba tena. Akakata upya, ikavimba upya. Halafu nikaona chupa za bia chini ya meza yake, na chupa nazo zilikuwa zinaongezeka.

"Shemeki, hii machupa inatoka wapi?"

"Ni bantu tu banapita kunisalimia."

Kumbe! Habari ilikuwa imeenea mtaani kwamba Ingénieur anakata watu, na kwetu mtu aliyekatwa kwenye filamu ya matanga ni sawa na mtu asiyekuja kuzika. Binamu Fils alipita na chupa, akarudishwa na ngoma yake yote. Tantine Ngalula alipita na mbili, akarudishwa akiwa anakula, kisha akarudishwa tena akiwa anaaga. Liévin hakuweza kumkatalia mtu aliyemshikia chupa baridi. Nikachukua mwiko wa bukari, yaani ugali wetu, nikaketi mlangoni, na kila aliyekuja nilimwambia Ingénieur ana homa ya kuambukiza. Ndipo filamu ikaingia.

Diski ya pili ikaanza kuandikwa vizuri. Liévin alikaa akiitazama asilimia kama mtu anayesubiri ugali wa mwisho sufuriani. Ilipobaki kidogo tu, umeme ukakatika. Ile diski haikufaa tena kitu, naitumia kuwekea kikombe mpaka leo.

Ya tatu tuliiandika kwa jenereta ya jirani. Ilimalizika! Liévin alipiga kelele, wifi akavaa miwani yake, tukaketi mbele ya televisheni. Mashine ya wifi ikameza diski, ikanguruma, ikafikiri sana, kisha ikaandika kwa Kifaransa kwamba haioni diski yoyote.

"Machine yangu haina makosa," alisema wifi. "Ilitoka ku Ulaya."

Kosa lilikuwa la Ingénieur. Aliitia filamu ndani ya diski kama mtu anavyotupia mihogo kwenye gunia, badala ya kuipanga kwa namna inayojulikana na mashine ya Blu-ray, kisha akasahau hata kuifunga ili isomeke. Alilijua hilo baada ya kubishana sana kwenye simu na rafiki yake wa mtaa wa Kamalondo. Wakati huo wifi alikuwa ameshatoa rozari na kuielekeza kwenye mashine.

"Ni Sylvain," alisema kwa sauti ndogo. "Sylvain anakatala."

Hapo nikachemka.

"Yaya, Sylvain anakatala nini? Tangu nimuolewe alikatala kitu moja tu, kuamuka asubuhi!"

Wifi alinitazama, midomo ikacheza kidogo, kisha akaikaza na kuendelea na rozari. Nikajua nimejiharibia.

Jumamosi asubuhi tulibakiwa na diski moja, ile ya kwanza ambayo haikuwa imeandikwa kitu. Rafiki wa Kamalondo alikuwa amesisitiza: panga filamu kama inavyotakiwa, andika polepole, usiguse kitu kingine kwenye kompyuta. Liévin alitii yote isipokuwa lile la polepole. Mfuko wa wifi ulikuwa umeshafungwa, umewekwa mlangoni, na mtu wa lori alishapiga simu.

"Nikitia pole, lori itaenda," alisema, akabonyeza mwendo wa juu kabisa.

Haraka haraka haina baraka, kila mtu anajua, lakini hata mimi sikumzuia. Nilizitaka baraka, ila lori nililiogopa zaidi. Kompyuta ilipiga kelele kama pikipiki inayopanda mlima. Ikatema diski. Liévin akaifuta kwa shati lake, jambo ambalo nalo alikuwa amekatazwa, akaitia kwenye mashine ya wifi.

Mara hii ikacheza.

Nilikuwa nimejiandaa kuona viti, masufuria na macho yangu makavu. Badala yake akatokea Sylvain. Liévin hakuwa ameniambia. Alikuwa ameanza filamu na kipande alichokipiga zamani, siku moja ya Jumapili, ili watu wa Kilwa wakumbuke wanamlilia nani. Sylvain alikuwa amevaa singlendi, ameketi mezani kwetu, anakandakanda tonge.

"Liévin, usinifilme miye," alisema kwenye televisheni. "Filma hii bukari ya shemeki yako. Iko nguvu! Ukiitupa ku ukuta, ni ukuta njo itaanguka."

Sauti yangu ikasikika kutoka jikoni: "Na unaimaliza kila siku!"

"Naimaliza sababu nasikilia mbwa ya bajirani huruma."

Nikacheka. Sikutabasamu, nilicheka, kicheko kikubwa cha sokoni, kilichokuwa kimefungiwa mwaka mzima. Nikaziba mdomo kwa ncha ya kitambaa changu cheusi cha kichwani na kicheko kikapitia puani. Kwenye televisheni Sylvain alimaliza tonge, akalamba vidole, akanyoosha sahani yake kuelekea jikoni.

"Leta ingine," alisema.

Picha ikakwama hapohapo. Ikajaa vipande vya mraba, ikatetemeka, ikaganda: mume wangu amenyoosha sahani, anangoja.

Liévin akaitoa diski, akaipuliza, akairudisha. Ikacheza mpaka kwenye sahani, ikaganda tena. Wote waliotoa bia walikuwa humo ndani, na hakuna hata mmoja ambaye angeonekana.

"Yaya, samahani," alisema Liévin. Jasho lilikuwa linamtoka. "Nikimbie ku Kamalondo, ninunue ingine, nigraver polepole…"

Wifi alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Nilidhani analia kwa hasira kwamba mjane wa ndugu yake amecheka mbele yake akiwa na nyeusi mwilini. Nikaanza kuhesabu miezi mpaka kiangazi.

Alipoinua uso, alikuwa anacheka mpaka miwani imemshuka.

"Mbwa ya bajirani!" alisema. "Miye vilevile aliniambiaka samaki yangu inafaa kujengea nyumba. Huyu njo Sylvain. Huyu njo ndugu yangu kabisa."

"Lakini yaya, sherehe haukuiona," alisema Liévin.

"Nilitaka kujua kama huyu muke alipenda ndugu yangu. Minaona. Nitafute machozi ya nini tena?"

Akainuka, akaja nyuma ya kiti changu. Nilisikia vidole vyake, vigumu kwa kazi ya samaki, vikihangaika na fundo la kitambaa cheusi kichwani mwangu, ambacho ndicho huvuliwa kwanza. Likalegea. Upepo wa mlangoni ukanipiga kwenye nywele, na Sylvain bado alikuwa pale mbele yangu na sahani yake, na sikuwa na cha kumpakulia.

Ndipo yakanitoka. Nililia kwa mdomo wazi. Liévin aliruka, akashika kamera.

"Shemeki, vile vile, usinyamaze! Hii njo ilikosekana!"

"Liévin," alisema wifi, "tia hiyo kitu chini."

Nje lori lilipiga honi, likapiga tena. Wifi aliketi sakafuni kando yangu, akaniacha nimlilie mume wangu kwa sauti yote, bila mtu wa kunitazama machozi.