Swichi ya Pipa Kubwa

Umeme ulipokatika, kiwanda cha sabuni kiliguna kikanyamaza, na wafanyakazi wakatoka nje kutafuta hewa. Mama Swichi alibaki. Jina hilo alilipata kwa tabia yake moja: umeme ukikatika, yeye hupita mota kwa mota akishusha mkono wa kila swichi, kisha ndiyo akae. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka wenyewe.

"Umeme haupo, unazima nini sasa, giza?"

"Ukirudi haupigi hodi," huwajibu.

Na kweli haupigi. Swichi ikiachwa juu, umeme ukirudi mota inaanza yenyewe, haimuulizi mtu. Hata kuwasha, Mama Swichi alikuwa akiwasha moja moja: anaita kwa sauti, anasubiri aone kama kuna atakayeitika, ndipo anapandisha mkono.

Lakini leo, jamani, alikuwa hoi. Alikuwa ameunganisha zamu mbili kwa sababu mwenzake anaumwa, na miguu ilikuwa imevimba mpaka viatu vikamkataa. Alipofika nusu ya ukuta wa swichi, shemeji yake, mdogo wa mumewe aliyefanya kazi naye, akarudi ndani, akamwonea huruma.

"Kaa, shemeji. Zilizobaki nazima mimi. Halafu naingia kwenye pipa kubwa nikwangue sabuni iliyoganda kwenye mapanga ya kukorogea."

"Uzime kwanza, kisha uniite niweke kufuli kwenye swichi ya pipa."

"Ah, shemeji, mimi si mtoto."

Mama Swichi akakaa juu ya gunia la chumvi. Lo, raha ya kukaa! Alisikia swichi zikishushwa, tak, tak, kisha chuma kikikwangua ndani ya pipa. Macho yakaanza kufumba yenyewe. Mtu mzima kasema atazima, basi kazima. Nani aliyemwajiri yeye awe mama wa kila mtu?

Ila kufuli lilikuwa bado mfukoni, linamchoma pajani. Hakuitwa.

"Mungu wangu, hata kupumua sipewi!" Akainuka ameshika kiuno, hasira zimempanda. Alimkasirikia shemeji, akaikasirikia miguu, akamkasirikia hata yule mgonjwa wa watu. Akajikokota hadi ukutani huku akinung'unika.

Mkono wa swichi ya pampu ulikuwa chini. Mkono wa jirani yake, wa pipa kubwa, ulikuwa juu. Shemeji alikuwa ameuruka.

Mama Swichi aliuvuta kwa mikono miwili, akapachika kufuli, akalibana. Kabla hajauchomoa ufunguo, taa zikawaka.

Mota zote zilikaa kimya. Ndani ya pipa ukwanguaji uliendelea, taratibu, kama wa mtu aliye nyumbani kwake.

"Umeme umerudi, shemeji!" sauti ikatoka humo kwa furaha. "Unaona? Si nilikwambia nimezima!"

Mama Swichi akaketi palepale kwenye sakafu ya utelezi, ufunguo mkononi, machozi yakimtoka bila hata kwikwi. Akilini alimwona mama mkwe wake amesimama mlangoni, akiuliza mwanangu yuko wapi. Akafumba macho ili asimwone.

"Shemeji? Mbona kimya, umelala?"

"Nimechoka," alisema. "Toka humo, baba. Toka nikuone."