Madoa ya Buluu

Mtoto alinyonya kidogo, akaacha, akahema, jasho likimtoka kipajini. Mama yake alipomhamishia titi la pili aliona shuka limeingia buluu pale alipokuwa amelala. Akamwita daktari wa zamu, akamwambia mtoto anakuwa mweusi.

"Mama, si kafanana na baba yake?" daktari akasema.

Wodi nzima ya wazazi ikacheka. Mama naye akacheka kwa adabu, huku roho ikimpaa. Daktari akatazama ngozi, akaona ngozi, akasema hiyo ni baridi tu, mtoto afunikwe vizuri.

Akafunikwa. Blanketi likaingia buluu, godoro likafuata, kulipokucha buluu ilikuwa imepanda ukutani. Msafishaji alisugua mpaka akachoka, akanung'unika kwamba kichanga hajafikisha hata juma na ameshampa kazi ya mtu mzima. Msimamizi wa wodi akaagiza kitanda kisogezwe.

Daktari alipopita tena, alimbeba mtoto kidogo, na mkono wa koti lake ukabaki buluu. Akautazama. Safari hii hakutania.

"Ulisema mweusi vipi, mama?"

"Ulimi. Tangu jana nakwambia, daktari. Mfungue kinywa."

Akamfungua. Ulimi ulikuwa rangi ya zambarau. Daktari aliona aibu, akasema pole, kisha akamwekea mtoto oksijeni na kungoja. Ingekuwa tatizo ni mapafu, ulimi ungerudi mwekundu. Haukurudi. Akamweleza mama polepole kwamba ni moyo, umeumbika vibaya, damu inazunguka bila kupitia kwenye hewa ya kutosha. Mama akalia, na katikati ya kilio akajisikia nafuu, maana angalau ameaminiwa.

Gari la wagonjwa likampeleka hospitali kuu, likiacha mchirizi wa buluu barabarani. Akapasuliwa. Akapona, alhamdulillahi, akawa mlafi.

Mama alirudi wodini kushukuru. Kuta, vitanda, mashuka, vyote vilikuwa vimegeuzwa buluu. Msimamizi alimtembeza kwa fahari.

"Sasa hata mtoto akichafua, haionekani."

Mama akasema kumependeza, hongera. Kisha akaenda kitanda kwa kitanda akiwasihi wazazi wenzake wawatazame watoto ndimi, mpaka mlinzi akamwomba atoke, saa za kuona wagonjwa zimekwisha.