Ndege Aliyeamriwa Kusimama

Mama Gundi, fundi wa mifupa pale makumbusho, aliagizwa amsimamishe ndege ambaye hakuwahi kusimama tangu aanguliwe.

Ndege huyo, sasa mifupa mitupu, alikuwa mzamiaji wa kale, urefu wa mtu mzima, mwenye meno mdomoni na vijibawa vya kutia aibu. Miguu yake ilikaa nyuma kabisa, kama makasia: majini mfalme, nchi kavu akijiburuta kwa tumbo. Mkurugenzi alilijua hilo vizuri, ndiye aliyeliandika kitabuni. Lakini mfadhili alitaka picha akitazamana na ndege uso kwa uso, na mbele ya mfadhili elimu ya Mkurugenzi hupiga magoti.

"Asiposimama Jumamosi," alisema, "Jumatatu usije."

Mama Gundi hakuwa amesahau karakana zilizowahi kufungwa kwa maneno mepesi kama hayo, wala nani alipandishwa cheo kila moja ilipofungwa. Akamsimamisha. Alitumia gundi ya siku zote, maana mwiko wa karakana ni mmoja: mfupa haugandishwi kwa kitu kisichobanduka. Chini akamwaga mchanga laini, tena mwingi. Mkurugenzi alipoagiza taa kali za picha, akamwambia mara moja tu kwamba gundi ile haipatani na joto. Akajibiwa kwamba mambo ya taa awaachie wenye taa. Basi akawaachia.

Jumamosi ukumbi ulijaa suti. Taa zikawaka, hotuba ikanoga, ikarefuka. Mama Gundi, kasimama nyuma kando ya mlinzi, akaona goti moja likilegea.

"Dada," mlinzi akanong'ona, "mgeni wako anasinzia."

Ndege akashuka polepole, kwa adabu zote, akalala kifudifudi mchangani, meno yakielekea viatu vya mfadhili. Mfadhili akamgeukia Mkurugenzi.

"Na hivyo ndivyo alivyoishi," akatamka Mkurugenzi, jasho likimtiririka. Akaeleza kwamba ndege wenye meno wote waliangamia, na kwamba kuku na bata wetu wametokana na binamu zao vibogoyo walionusurika. Kuanguka kule, akaapa, kulipangwa ili wageni wajionee. Makofi yakalipuka. Mfadhili akachuchumaa, akapigwa picha.

Jioni Mkurugenzi aliingia karakana, tai mkononi.

"Ulijua ataanguka."

"Na wewe ulijua hasimami, bosi."

Angemfukuza vipi kwa jambo alilolisifia mwenyewe mbele ya watu? Akauliza tu kama kuna mfupa uliovunjika. Haukuwepo.

Jumatatu Mama Gundi alikuja kazini. Akachelewa, makusudi.