Udongo wa Gaston

Ngoma za Willy zilibaki nje ya geti la makaburi. Wana wawili wa marehemu Gaston walimzuia pale pale: mchungaji hataki vyombo vya dunia karibu na jeneza, na mama yao, Philomène, amekubaliana naye. Willy akaziacha hapo, akaingia mikono mitupu. Kugombana na wafiwa ni aibu, hata mlevi anajua.

Lakini alikuwa ameahidi. Juma lililopita Gaston alimshika mkono kitandani akamwambia: "Miye sitaki kwenda kimya. Weye unipigie."

Angemwomba nani mwingine? Tangu ujanani Gaston alipiga besi, Willy akakaa nyuma yake na ngoma. Orkestra yao ilijiita Jazz kama zote za zamani, ikipiga rumba tupu. Jazz yenyewe hao wawili waliiiba redioni, wakaificha ndani ya rumba, na watu wa Likasi wakaicheza bila kujua wanacheza nini. Baadaye wenzao wengine walikufa, wengine wakaokoka, baa zikafungwa. Willy hakuacha, kwa kuwa Gaston hakuacha. Jamani, mtu anampigia nani kama si yule anayemjibu?

Jeneza likashuka. Mchungaji akaomba, akaomba, na kila amina ilimpunguzia Willy nafasi ya kumpigia, maana baada ya sala ni udongo, na udongo ukijaa, basi tena. Ndugu wakatupa konzi zao za udongo. Zamu yake ilipofika aliinama, mkono ukashika beleshi.

Hakupanga. Udongo wa kwanza ulianguka juu ya mbao kama wa mtu yeyote. Wa pili na wa tatu ukafuatana upesi, kisha akangoja kidogo, akagonga beleshi kwenye jiwe, akatupa tena. Wazee wa orkestra wakautambua mdundo, wakainua vichwa. Mguu wa mmoja ukaanza kujibu. Mchungaji akakunja uso, na mtoto mkubwa wa marehemu akaudaka mpini.

"Papa Willy, inatosha."

"Ninamuzika mwenzangu," Willy akasema, bila kuuachia mpini. "Hii nayo mumekataza?"

Wote wakamgeukia Philomène. Muziki ule aliuchukia maisha yake yote. Ulimnyang'anya mume kila Jumamosi. Akajifuta uso kwa kitenge.

"Muachilie," akasema. "Na arudie mwanzo. Gaston alikuwa anachelewaka kuingia na besi yake."

Willy akaanza upya. Ilipofika nafasi ya besi akasimamisha beleshi hewani, machozi yakimtoka, akangoja.