Sakafu Chini ya Paa la Mnara

Sitatafuna maneno: nilimwonea mdogo wangu wivu, na haukuwa wivu wa kupita njia. Ulinikaa hapa kifuani kama tonge lililogoma kushuka.

Mji wetu ni mdogo, na bustani yake ni nyasi, mabenchi manne na bomba linalovuja. Watu walipochangishana kujenga banda la maonyesho, lenye jukwaa na paa, ili watoto wa shule wapate pa kuigizia na kwaya ipate pa kuimbia, kazi tulipewa ndugu wawili wa tumbo moja. Mimi ni seremala, nikapewa sakafu ya jukwaa. Mdogo wangu ni mchomeleaji, akapewa nguzo na paa la chuma. Watu humwita Mnara kwa urefu wake. Mimi hawaniiti kitu. Mama alikuwa akisema urefu wote wa ukoo ulinisubiri mimi nipite kwanza, ndipo ukashuka. Alisema akicheka, na wengine walicheka naye.

Nani alimfundisha Mnara kushika nyundo? Mimi. Nani alimfundisha kupima kabla ya kukata? Mimi huyuhuyu. Haya, paa likaanza kupanda, limejikunja mbele kama ukingo wa kofia, na watu wakawa wanasimama barabarani kulitazama midomo wazi. Kinyozi wangu alilisifu mpaka akanikata nywele upande mmoja zaidi. Mke wangu naye akarudi kutoka sokoni akisema shemeji yake safari hii ametoa kazi ya haja. Nikamuuliza, na sakafu je? Akasema sakafu si bado, baba watoto. Kweli ilikuwa bado, lakini roho iliniuma vilevile. Pale langoni, mkunga mstaafu ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati alikuwa amebandika mchoro wa banda: paa, nguzo, na chini yake mstari mmoja wa kalamu. Ule mstari ndio mimi.

Siku ya kuanza kazi nilifanya ninachofanya siku zote. Kabla ya msumari wa kwanza nilipima kila kitu, kuanzia chini mpaka juu, na ndipo nikaliona kosa. Mchoro ulitaka boriti ya nyuma iwe juu futi nane. Mnara alikuwa amepima futi nane kutoka ardhini. Wachomeleaji ndivyo walivyo, kwao nguzo huanzia kwenye udongo. Sisi maseremala tunapima kuanzia pale mguu unapokanyaga, na sakafu yangu ilitakiwa kuinuka futi mbili na ushee. Kule mbele paa lilikuwa juu sana, hapakuwa na shida. Lakini nyuma ya jukwaa pangebaki nafasi ya mtu kama mimi, si ya mtu kama Mnara.

Wakati huo boriti ile ilikuwa imeshikwa na bolti tu, na mabati ya nyuma hayajafungwa. Neno moja kutoka kwangu, siku moja ya kazi, angeunga vipande kwenye nguzo na mambo yangekwisha. Na mwenyewe akaja, kofia ya kuchomelea kwapani, akanipa shikamoo, akaniuliza.

"Kaka, vipimo vyangu umevionaje?"

"Viko sawa," nikamjibu. "We chomelea tu."

Akachomelea. Mimi nikajenga sakafu, na nawaambia, sijawahi kujenga kitu kama kile. Nilitoa mbao ngumu nilizozitunza miaka sita nyuma ya karakana nikisubiri kazi ya kuzistahili. Nilizipiga randa hadi ukipitisha kiganja husikii kiungo. Misumari yote niliificha, hata mmoja haukuonekana. Na muda wote nilikuwa naiona siku ya ufunguzi kichwani: Mnara anapanda kwa nyuma kupokea sifa zake, anapunga mkono, halafu paji la uso, pa! Mji mzima unacheka. Nilicheka peke yangu na randa langu kama mwendawazimu.

Haikungoja ufunguzi. Wiki moja kabla, kwaya ilikuja alasiri kufanya mazoezi, na Mnara huimba sauti ya nne, inayosimama nyuma. Alipanda huku akimgeukia mtu aliyemtania, akajigonga. Damu ikamshuka mpaka kwenye nyusi. Kicheko nilichokiandaa kwa siku zote zile kilikataa kutoka.

Mkunga akambania kitambaa kwenye jeraha, akaita kamati palepale. Wakapima, wakaliona kosa. Kabla sijafungua mdomo, Mnara akasema kosa ni lake peke yake, alipima kutoka ardhini, kaka yake hana lake pale. Mkunga akauliza kipi kitoke. Paa lilishachomelewa na kufungwa mabati. Kulipandisha ilikuwa ni kulibomoa lote. Basi ikaamuliwa sakafu ing'olewe, imwagwe saruji chini. Watu wakanitazama kwa huruma. Mtu mmoja akanishika bega na kuniambia pole, fundi.

Kesho yake niliing'oa mwenyewe, maana ni mimi tu niliyejua misumari ilipo. Mnara alikuja na mtaimbo, plasta kwenye paji. Tukang'oa, na mbao zikalia kila moja kwa sauti yake. Ilipofika saa sita akaweka mtaimbo chini.

"Kaka, wewe hata stuli huianzi kabla hujapima mpaka dari."

Nikasema jua leo ni kali.

"Ulijua," akasema. Hakupandisha sauti. Aliinama akashika ncha ya ubao uliofuata, akanisubiri nishike ncha yangu.

Siku ya ufunguzi mkunga alimwita fundi wa paa. Mnara akanikamata mkono, akanivuta naye mpaka mbele. Akawaambia watu kwamba mji huu ulipata sakafu nzuri kuliko zote alizowahi kukanyaga, ikadumu siku chache tu, na imeondoka kwa uzembe wake yeye. Akawaomba wanipigie makofi. Wakasimama wote, mke wangu akiwa wa kwanza, wakapiga mpaka bomba linalovuja halikusikika. Maisha yangu yote nilikuwa nikiyataka makofi yale, na sasa nilitaka yakome. Nilimwangalia mdogo wangu nikasubiri ageuke aniangalie, nimwambie hata kwa macho. Hakugeuka.

Tuliondoka kwa nyuma. Boriti sasa iko juu sana, haimgusi mtu, lakini Mnara alipofika chini yake aliinamisha kichwa. Mimi nikapita nikiwa wima.